Taa ya Kijani Kwenye Mteremko wa Kanzenze

Mmeniuliza wote swali lilelile, kila mmoja kwa namna yake. Padri aliuliza kwa tabasamu, majirani kwa kunong'ona, na ninyi wenzangu wa kwaya mkaniuliza usoni: yule dada yangu aliyetoka Tanzania alipatwa na nini siku ya harusi ya binti yangu Aline, hata akainama mbele ya kanisa zima na mushanana wake mpya, lile vazi la sherehe, akasukuma jiwe jeusi chini ya tairi ya gari la bibi harusi? Wengi mlicheka. Mimi sikucheka, wala shemeji yangu Faustin, na Faustin mnamjua, hucheka hata matangani.

Basi nimekaa kuandika safari yenyewe tangu tulipotoka hapa Gisenyi mpaka tuliporudi, maana kila nikijaribu kuisimulia kwa mdomo nafika mahali pamoja na kuishia hapo. Mambo ya pasipoti na mihuri nimeyaruka. Hayo mnayajua, na hayakunitisha.

Gisenyi mpaka Kigali

Aline alisema wazi kwamba bila Shangazi haolewi. Alipokuwa mdogo na mama yake anaumwa, tulimpeleka Karagwe akalelewa na dada yangu Veneranda, ambaye hakurudi Rwanda na sisi kwa sababu alikuwa ameolewa kule. Na hata bila hilo, mnajua desturi yetu: shangazi ndiye anayekaa na bibi harusi siku za mwisho, amwambie yale ambayo mama hawezi kuyasema. Dada miguu yake huvimba akikaa kwenye basi muda mrefu. Faustin akasema, bon, basi la nini wakati yeye ana gari jipya?

Faustin ni kaka wa mke wangu. Alikulia Goma, anauza vifaa vya ujenzi, ana tumbo kubwa na moyo mkubwa zaidi ya tumbo. Gari lake ni la haibridi, lile la petroli na umeme, na likisimama halitoi sauti yoyote. Mimi siendeshi. Naogopa magari tangu zamani na sioni haya kusema, kwa hiyo safari nzima nilikuwa abiria wa mbele mwenye kushika mlango.

Mshtuko wa kwanza niliupata Kigali. Taa za barabarani zilitusimamisha kwenye mpando mkali, nyuma yetu basi limetukaribia kabisa. Faustin akakanyaga breki, gari likasimama, halafu akaondoa miguu yote miwili, akaikunja juu ya kiti kama mtu aliyeketi mkekani. Nilipiga ukelele. Nilikuwa tayari nimefungua mlango niruke.

"We shemeji, usiogope," akasema, tumbo likimtikisika kwa kicheko. "Tazama ile taa ya kijani. Voiture iko inajishika yenyewe. Mi naweza hata kulala hapa."

Nikatazama. Kweli kwenye dashibodi kulikuwa na maandishi madogo ya kijani, na gari halikurudi nyuma hata kidogo. Akanieleza vizuri, kwa sababu anapenda kueleza. Unabonyeza kitufe kimoja kila unapowasha gari. Baada ya hapo, ukikanyaga breki mpaka gari lisimame kabisa, lenyewe linakumbuka ulivyokanyaga; mafuta ya breki yanabaki yamebana pedi kwenye magurudumu hata ukiondoa mguu. Linabaki hivyo hivyo mpaka uguse pedali ya mafuta, hapo linaachia na kuondoka. Taa zikaruhusu, akagusa, tukaondoka laini. Mpaka tukatoka mjini nilikuwa bado naona aibu ya ule ukelele.

Kuna jambo jingine nililiona na sikulitilia maanani. Mkanda unambana Faustin tumboni. Akiacha kuufunga, gari linalia kengele bila kukoma. Kwa hiyo yeye aliufunga kwanza, klak, halafu akaukalia, mkanda ukapita nyuma ya mgongo wake. Gari likanyamaza. Akiona askari mbele, anauvuta upande wa begani na kuupitisha kifuani kwa mkono mmoja, na uso wake unakuwa wa mtoto wa komunyo ya kwanza. Nilicheka sana siku hiyo, nikamwambia amemdanganya hata mashine.

Rusumo mpaka Kayanga

Pale Rusumo ukivuka daraja unabadili upande. Sisi tunaendesha kulia, Tanzania wanaendesha kushoto, na usukani wa Faustin ukabaki palepale kushoto. Maana yake ni kwamba akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mbele. Anayeona ni abiria, yaani mimi.

"Shemeji, tazama, iko mutu anakuja?" akawa ananiuliza.

Mara ya kwanza nilitazama nikaona basi linakuja limewasha taa zote, nikafumba macho, nikasahau kujibu. Yeye akadhani kimya changu ni ruhusa. Jinsi tulivyorudi nyuma ya lile lori sitaisimulia, ila mke wangu akisoma hapa atajua kwa nini shati langu lilirudi limechanika kwapani. Tangu hapo nikawa najibu "anakuja" hata barabara ikiwa tupu, na tukalifuata lori la ndizi na moshi wake mpaka Benako.

Benako tulikula wali, maharage na mbuzi wa kuchoma. Mama wa hoteli alimsikiliza Faustin anavyoongea Kiswahili cha Goma, akamletea sahani ya pili bila kuombwa, akasema watu wanaotoka vitani wasihesabiwe sahani. Faustin akajaribu kueleza kwamba anatoka harusini, yaani anakwenda harusini, yaani ana duka lake mwenyewe. Mama akamwitikia kwa huruma na kumwongezea mchuzi. Alikula vyote.

Kayanga, huko Karagwe, tulimkuta Dada amekwisha funga mizigo: matoke, kopo la senene, wale panzi wa kukaanga, dumu dogo la asali kwa ajili ya Aline, na kikapu chenye kipande cha mti mgumu kilichochongwa, upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba. Nilikitambua. Ni kabari ya marehemu shemeji, mume wake, aliyekuwa akiendesha lori la kahawa kwenda Bukoba. Maisha yake yote hakuwahi kusimama kwenye mteremko bila kabari hiyo chini ya tairi, na mara nyingi aliyeshuka kuiweka alikuwa mke wake. Upande mmoja ulikuwa umebonyea kwa kukanyagwa na tairi miaka yote hiyo.

Faustin alikula senene akidhani ni dagaa. Alipoambiwa akatoka nje kidogo, akarudi, akala wengine.

Kurudi: kilima baada ya Kigali

Tuliposimama mara ya kwanza, kwenye foleni ya magari pale Rusumo, mlango wa nyuma ukafunguka. Dada akashuka taratibu na miguu yake mizito, akainama, akaweka kabari mbele ya tairi. Watu wa foleni wakaanza kutazama. Kulikuwa na mteremko, nakubali, lakini gari lilikuwa linang'aa na lile gogo lilionekana kama mgeni aliyekuja na matope sebuleni. Alirudia Kayonza tuliponunua maji, na akarudia Kigali, na Kigali vijana wawili walitupiga picha.

Faustin hakuweza kuvumilia. Akamwita Dada mbele, akamkalisha kwenye kiti changu, akamwonyesha kama alivyonionyesha mimi: breki, miguu juu, taa ya kijani, gari kimya.

"Shangazi, ile taa ndiyo kabari ya siku hizi," akamwambia.

Dada akaiangalia kwa muda. "Inashika mpaka lini?"

"Paka mi nikanyage mafuta."

Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Ninamjua dada yangu, jibu lisilonyooka hulikataa hata likitoka kwa askofu. Lile lilikuwa limenyooka. Mimi nami nililiamini.

Baadaye kidogo, katika milima ya kuelekea Musanze, tukakuta lori la saruji limezimika kwenye mpando. Dereva, mzee mwenye ndevu za mvi kutoka Dodoma, alikuwa amekwama ndani na mguu juu ya breki, anaomba dirishani mtu amtafutie jiwe. Nanyi mnajua barabara zetu zilivyofagiwa, jiwe huokoti. Dada akasema tusimame. Akashuka na kikapu chake, akaenda mwenyewe kuikita kabari nyuma ya tairi la lori, akagongagonga kwa kisigino mpaka ikakaa. Yule mzee akashuka, akamshukuru, akataka kuirudisha atakapotengeneza. Dada akamwambia abaki nayo. Sisi, akasema, letu lina taa.

Faustin alipiga honi kwa furaha. Nami nilifurahi, nisiwadanganye.

Kanzenze

Tulilala Musanze kwa binamu na asubuhi tukaondoka bila kukumbuka ni Jumamosi gani. Ilikuwa ile ya mwisho wa mwezi. Tulipofika Kanzenze, barabara inaposhuka, magari yote yalikuwa yamesimamishwa kwa ajili ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, na watu wengi wenye majembe walikuwa wanatoa udongo ulioletwa barabarani na mvua. Foleni ikasogea kidogo, ikasimama, ikasogea, ikasimama kabisa. Sisi tulikuwa gari la kwanza. Mbele ya boneti yetu kulikuwa na rundo la udongo, na watu.

Kiongozi wa mudugudu, yaani wa kijiji, akaja dirishani, mtu mpole, akasema wasafiri wanaosubiri wamekaa na wasafiri wanaosubiri huku wanashika jembe wote watafika wakati mmoja. Faustin anapenda kuonekana, akafungua mlango akashuka. Gari likalia tii tii tii. Akasema lina kelele kama mke wa kwanza, akaubamiza mlango. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Gari lilikuwa kimya, na kwa ukimya ule yeye alidhani amelizima. Hakuwa amelizima. Gia ilikuwa ya kwenda mbele, na mkanda ulikuwa umefungwa juu ya kiti kitupu.

Mimi nilibaki kwa sababu ya mgongo. Dada naye akataka kushuka. Nikamwambia apumzike, akasema hajawahi kukaa wakati wengine wanalima. Nyuma kulikuwa na matoke na kopo la senene limekwisha kumwagika mara moja, basi akafungua mlango wa dereva, akaliweka dumu la asali juu ya kiti cha Faustin lisije likamwagika nalo. Akaufunga mlango. Akachungulia taa kupitia kioo, nilimwona anaichungulia. Kisha akazunguka akasimama mbele ya gari, akapewa jembe, akawapa watu salamu na kutugeuzia mgongo.

Gari lilikuwa limeinamia mbele. Dumu lilianza kuteleza polepole. Nililiona. Nakumbuka niliwaza kwamba asali itamwagika na Aline atasikitika, na nikanyoosha mkono bila haraka. Likaanguka kutoka kwenye kiti, likatua wima juu ya pedali ya mafuta.

Taa ya kijani ikazimika.

Sijui niseme nini ili mwelewe. Gari lilinguruma ghafla, na mgongo wa dada yangu ukaja kwenye kioo. Nilijirusha chini ya usukani, kichwa mbele, nikakandamiza pedali ya breki kwa mkono wangu wote huku mkono mwingine ukisukuma dumu. Nikasikia kitu kikivunjika, krak, kama mfupa. Halafu kelele za watu.

Nikainua macho. Kwenye dashibodi, juu ya kichwa changu, ile taa ya kijani ilikuwa imewaka tena. Nilikuwa nimekanyaga breki mpaka gari likasimama, basi lenyewe likajishika, sawasawa na lilivyofundishwa, kama vile hakuna kilichotokea. Hilo ndilo linalonirudia usiku na mchana, kuliko hata ule mlio.

Sikuweza kuondoa mkono. Faustin alikuja, akazima gari, akanibandua vidole kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi na alikuwa anasema "Mana yanjye, Mana yanjye", Mungu wangu, bila kupumua. Nikashuka nikaenda mbele kwa magoti.

Dada alikuwa amegeuka kwa ule mngurumo, akaanguka kitako juu ya rundo la udongo, miguu imepita chini ya bampa. Kilichovunjika ni mpini wa jembe. Kitenge chake kilikuwa kimenaswa chini ya tairi, na tairi lilikuwa limesimama juu ya kitenge hicho, kando kabisa ya mguu wake. Wanawake wa Kanzenze walikuwa wanamshika mabega wakisema ihangane, ihangane, yaani pole. Yeye alikuwa anamtazama Faustin, na Faustin alikuwa analia mbele ya umuganda mzima, mwanaume mwenye duka.

"Uliniambia mpaka wewe ukanyage," Dada akamwambia hatimaye, taratibu. "Hukuniambia kwamba haijui ni nani anakanyaga."

Mimi nimesoma, nilifundisha miaka mingi, na kwa kilima kizima cha Kigali nililitazama jambo hilo nisilione.

Yule mzee wa Dodoma alikuwa na lori lake la saruji nyuma kwenye foleni ileile. Aliposikia, akaja mbio na kabari mikononi, akampa Dada kwa mikono miwili. Dada akaigusa tu, akamwambia airudishe chini ya tairi lake haraka, lori lake ni zito na watu ni wengi. Kisha akaokota jiwe jeusi kwenye rundo la umuganda, kubwa kama mkate, akaliweka kwenye kikapu.

Uwanja wa mpira, Gisenyi

Kutoka Kanzenze mpaka nyumbani Faustin aliendesha kama anabeba mayai, mkanda kifuani, tumbo likibanwa. Lakini hakulala vizuri, wala mimi. Asubuhi yake baada ya misa tukalipeleka gari kwenye uwanja wa mpira, pembeni pale penye mwinuko mdogo, tusijue tunatafuta nini. Dada akaja, akakaa mbali kwenye kiti cha plastiki.

Faustin akafunga mkanda vizuri, akawasha, akabonyeza kitufe, akaenda mbele kidogo, akakanyaga breki. Taa ya kijani. Akaondoa mguu, gari likatulia. Halafu, kwa kuwa tumbo lilimbana, akafungua mkanda.

Huko nyuma magurudumuni kukasikika mlio mdogo wa mota, vrrr, na taa nyekundu ikawaka mahali pa ile ya kijani. Breki ya kuegesha ilikuwa imejifunga yenyewe. Akakanyaga mafuta kidogo, mkanda ukiwa wazi, gari halikutoka. Akajaribu tena na mkanda umefungwa nyuma ya mgongo wake, kama zamani, akashuka kabisa na kusimama kwenye nyasi. Hakukuwa na mlio. Taa ilibaki kijani juu ya kiti kitupu, na Faustin akaingia tena haraka kana kwamba limemuunguza.

Ndipo tukaelewa. Wenye kuunda gari walijua mtu atashuka na kusahau, na waliliwekea swali la kumuuliza: umeondoka? Magari mengine, nimeambiwa, huuliza mlango. Hili liliuliza mkanda. Na Faustin alikuwa amelijibu kabla halijauliza, siku alipoufunga akaukalia ili kengele inyamaze. Gari lilisubiri dereva wake kwa uaminifu, na dumu la asali likaja likakaa mahali pake.

"Mi nilidhani nanyamazisha kelele," Faustin akasema. "Kumbe ndiyo mulinzi."

Dada alinyanyuka kwenye kiti chake, akaja na lile jiwe, akaliweka mbele ya tairi, hapo uwanjani. Hakumkemea. Alimwambia tu kwamba Jumamosi ataendesha yeye gari la Aline, si mtu mwingine, kwa sababu sasa anaogopa.

Mlango wa kanisa

Siku zilizobaki Dada alikaa chumbani na Aline, kama desturi inavyotaka, na baba haingii wala haulizi. Lakini niliuliza. Aline akaniambia nusu tu. Shangazi, akasema, alimfungulia kitenge akamwonyesha alama nyeusi ya tairi, ambayo hakutaka ifuliwe. Akamwambia kwamba mume wake akimtuliza eti mambo ya nyumba yanajishika yenyewe, asigombane naye, amuulize tu ni nani yuko kwenye kiti.

Mengine mliyaona. Gari lilisimama mbele ya kanisa, pale panaposhuka kuelekea ziwani, maua kwenye boneti. Faustin akiwa na suti akaweka gia ya kuegesha, akavuta breki, akazima, na ndipo akafungua mkanda. Kisha akatoa jiwe chini ya kiti chake na kumpa Dada kwa mikono miwili. Dada akashuka kwanza, akainama, na ninyi mkaanza kucheka.

Mimi nilikuwa namtazama Aline. Mlango wake ulikuwa wazi, kwaya imekwisha anza, mume wake amenyoosha mkono. Aliushika mkono ule, lakini hakutoka. Alikaa ameshika gauni lake, akamsubiri Shangazi aligonge jiwe kwa kisigino, ajinyooshe, asogee kabisa kutoka mbele ya gari. Ndipo akashusha mguu.